Mshale wa moto wa Barcelona, 1992: uchambuzi wa kisa kuhusu mahali mshale unapoangukia

Usiku wa tarehe 25 Julai 1992, katika uwanja wa Olimpiki ulio juu ya kilima cha Montjuïc mjini Barcelona, mchezaji wa mpira wa kikapu Juan Antonio San Epifanio aliukimbiza mwenge hadi aliposimama mpiga mishale Antonio Rebollo, na ncha ya mshale wa Rebollo ikawashwa kwa mwenge huo. Rebollo aliinua upinde, akavuta uzi hadi mwisho, akatulia, kisha akauachia. Mshale ulipanda juu ya vichwa vya watu kuelekea karai la mwenge lililokuwa kwenye ukingo wa juu wa uwanja, na ulipofika usawa wake ndimi kubwa za moto zikapanda kutoka ndani ya karai hilo, huku makumi ya maelfu ya watu waliokuwa uwanjani wakilipuka kwa shangwe.

Wengi waliotazama tukio hilo kwenye televisheni wamebaki na imani kwamba mshale ulitumbukia ndani ya karai. Haukutumbukia. Ulipita juu yake ukaenda kuanguka nje ya uwanja, jambo linaloonekana wazi katika picha za video zilizopigwa kutoka pembe nyingine. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa kwa namna mbili: wapo wanaokisimulia kama ustadi usio na mfano, na wapo wanaokisimulia kama kosa lililofichwa na kamera. Kwa maoni yangu masimulizi yote mawili yanaliacha nje jambo lenye uzito zaidi kwa mtu yeyote anayefundisha, anayesimamia au anayejifunza mchezo wa upinde na mshale. Mshale ule ulikusudiwa upite. Waandaaji walijiuliza mapema utaangukia wapi endapo mambo hayatakwenda sawa, wakachagua upande wa kukosea kabla ya upinde kuinuliwa. Ni kwa sababu ya uamuzi huo, pamoja na utulivu wa mpigaji, kwamba leo tunalizungumza tukio la Barcelona kama sherehe na hatulizungumzi kama msiba.

Mpigaji mwenyewe

Rebollo alikuwa na umri wa miaka 37 usiku ule. Alizaliwa Madrid, akapata polio akiwa mtoto mchanga, na kazi yake ilikuwa useremala wa samani. Alikuwa mshindani wa michezo ya Paralimpiki, kwa hiyo alikuwa mtu aliyezoea kupiga mshale mbele ya waamuzi na watazamaji, chini ya muda uliopimwa, akiwa na mwili uliomlazimu kutafuta kwa makini namna yake ya kusimama imara.

Kuchaguliwa kwa mpiga mishale wa Paralimpiki kulikuwa na mzizi wa kihistoria ambao haukuelezwa vya kutosha wakati ule. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile ambayo michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, daktari Ludwig Guttmann aliandaa katika hospitali ya Stoke Mandeville shindano dogo la kupiga mishale kwa watu 16 waliokuwa wameumia uti wa mgongo na kutumia viti vya magurudumu. Michezo ya Paralimpiki ilichipuka kutokana na shindano hilo. Mchezo wa upinde ulifaa kwa sababu haumtaki mchezaji akimbie wala apambane kimwili na mwenzake. Unamtaka awe na mabega yenye nguvu, pumzi iliyotulia na akili isiyoyumba. Hizo ndizo sifa ambazo mtu angezitaka kwa aliyekabidhiwa mshale unaowaka katikati ya umati.

Hata hivyo, ninasisitiza kwamba sifa za mpigaji hazitoshi kuwa mpango wa usalama. Mpiga mishale bora duniani huachia mshale mbaya mara mojamoja. Kidole hukwama kwenye uzi, upepo hubadilika katika nusu sekunde, bega huchoka, moyo hupiga kwa kasi isiyo ya kawaida. Mpango wowote unaosema "hatakosa kwa sababu ni hodari" umekwisha kushindwa hata kabla ya kujaribiwa.

Hatari zilizokuwapo uwanjani

Umbali unaotajwa mara nyingi kati ya Rebollo na karai ni takriban mita 70, ambao ndio umbali wa kawaida wa mashindano ya Olimpiki. Katika mashindano, mpigaji katika umbali huo hulenga duara lenye kipenyo cha sentimita 122, na alama ya juu kabisa, yaani 10, hupatikana ndani ya duara dogo la katikati lenye kipenyo cha sentimita 12.2. Watu wanaofanya mazoezi kila siku huweza kulipiga duara hilo dogo mara kwa mara. Kwa hiyo umbali peke yake haukuwa tatizo.

Tatizo lilikuwa mwelekeo. Katika mashindano shabaha iko karibu na ardhi, na mshale unaokosa hushuka na kuchoma nyasi mita chache nyuma yake au kuzuiwa na tuta. Barcelona shabaha ilikuwa juu, na mshale unaopigwa kwenda juu husafiri mbali kuliko wanavyodhani wengi ambao hawajawahi kuushuhudia. Mshale wa upinde wa Olimpiki huondoka kwenye uzi kwa mwendo unaokaribia mita 60 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na ukielekezwa angani unaweza kuruka zaidi ya mita 200 kabla ya kugusa chini. Hata mshale mzito wenye moto, ambao bila shaka ni mzito na mwepesi wa kupoteza kasi kuliko ule wa mashindano, hubaki na nguvu ya kutosha kumjeruhi vibaya mtu unayemwangukia. Kadiri mwelekeo wa mshale unavyoinuka, ndivyo kosa dogo la nguvu ya kuvuta linavyozaa tofauti kubwa mahali pa kuangukia.

Moto uliongeza hatari za aina yake. Mtu anapovuta upinde hadi mwisho, ncha ya mshale hurudi karibu kabisa na mkono ulioshika upinde. Ncha hiyo ikiwa inawaka, mkono uko jirani na moto, na mpigaji anapata msukumo wa asili wa kutaka kuachia mapema ili aondokane na joto. Kuachia mapema maana yake ni mshale wenye nguvu pungufu, na mshale wenye nguvu pungufu huanguka kabla ya kufika. Pia moto wa kawaida huzimika kwa upepo wa mshale unaoruka kwa kasi, kwa hiyo mshale wa sherehe hulazimika kutengenezwa mahususi, na kila kinachoongezwa kwenye ncha hubadilisha uzito, mizani na njia ya mshale hewani. Mazoezi yaliyofanywa kwa mshale wa kawaida hayamwandai mtu kwa mshale wa namna hiyo.

Kisha kulikuwa na giza, mwanga wa taa za jukwaani, kelele, na ukweli kwamba kulikuwa na nafasi moja tu. Katika mazoezi mtu anayehisi kwamba msimamo wake haukukaa sawa hushusha upinde, hupumua na kuanza upya, na tabia hiyo ya kushusha ni mojawapo ya tabia za usalama ambazo mkufunzi mwema huzipanda mapema kwa mwanafunzi. Mbele ya dunia nzima inayongoja, kushusha upinde kunahitaji ujasiri mkubwa kuliko kuachia. Hilo ndilo jambo linalonitia wasiwasi zaidi kila ninapoona maonyesho ya mishale katika sherehe: hadhira humsukuma mpigaji aachie hata pale mwili wake unapomwambia asifanye hivyo.

Uamuzi wa kupita juu

Sasa tutazame chaguo walilokuwa nalo waandaaji. Mshale unaolengwa kuingia ndani ya karai unaweza kukosa kwa kupungua au kwa kuzidi. Ukipungua, unaangukia majukwaa yaliyo chini ya karai, ambako watu wameketi bega kwa bega na hawana pa kukimbilia. Ukizidi, unatoka nje ya uwanja. Mpango unaomtaka mpigaji alenge katikati kabisa ya karai unagawa uwezekano wa kukosa kwenda pande zote mbili, na upande mmoja wapo una watu.

Njia iliyochukuliwa ilikuwa kumwelekeza mpigaji apitishe mshale juu ya karai. Kwa kufanya hivyo kosa la kawaida la mkono, la juu kidogo au la chini kidogo, lilibaki likimpeleka mshale upande wa nje. Ili mshale urudi kuangukia majukwaani ingebidi kosa liwe kubwa mno. Huku ndiko kuchagua upande wa kukosea, na ninaamini ni wazo lenye thamani kuliko ushauri wote wa jumla kuhusu umakini, kwa kuwa linakubali tangu mwanzo kwamba binadamu hukosea na linaamua kosa hilo limkute nani.

Kuhusu namna gesi iliyokuwa ikitoka ndani ya karai ilivyoshika moto, maelezo yanayotolewa yanatofautiana. Wapo wanaoshikilia kwamba mshale ndio uliowasha wingu la gesi ulipolipitia, na wapo wanaosema kwamba moto uliwashwa kwa mtambo kwa wakati uliolingana na kupita kwa mshale. Ubishi huo umewashughulisha watu kwa miaka mingi kana kwamba ndiyo siri ya tukio. Kwa upande wa usalama una uzito mdogo, kwa sababu katika maelezo yote mawili mafanikio hayakudai mshale utumbukie ndani ya karai. Kazi aliyopewa Rebollo ilikuwa kuupitisha mshale katika eneo pana lililo juu ya karai. Kazi iliyopangwa hivyo humwacha mpigaji apumue: hana sababu ya kupunguza nguvu ili mshale udondoke mahali fulani hasa, na hana kishawishi cha kurekebisha lengo dakika ya mwisho.

Ipo nusu ya pili ya uamuzi huo, nayo ndiyo husahaulika. Mtu akisema mshale uanguke nje, anakuwa ameichukua ardhi ya nje kuwa sehemu ya uwanja wa kupigia. Ardhi hiyo inapaswa kuwa tupu. Inapaswa kuwa na mtu anayeilinda kutoka dakika mshale unapopachikwa kwenye uzi hadi dakika unapopatikana chini, na kwa kuwa mshale unawaka, mlinzi huyo awe na maji au mchanga na aijue hali ya majani makavu yaliyo karibu. Pasipo sharti hilo, kupitisha mshale juu ya ukuta ni kuihamisha tu hatari kutoka kwa watu unaowaona kwenda kwa watu usiowaona, na huo ni ukatili hata kama haukukusudiwa.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba miaka minne kabla ya Barcelona, tarehe 17 Septemba 1988 mjini Seoul, njiwa walirushwa katika sherehe ya ufunguzi na baadhi yao wakatua kwenye ukingo wa karai la mwenge. Karai lilipowashwa, njiwa kadhaa waliungua mbele ya kamera. Hapakuwa na mshale pale, lakini kosa lile ni la familia moja na makosa ya uwanja wa upinde: mahali palipokaguliwa mapema pakadhaniwa kwamba pamebaki vilevile. Ukaguzi wa eneo la shabaha una maana ukifanywa katika dakika ileile ya kupiga, kwa macho ya mtu, na mtu huyo awe na mamlaka ya kusimamisha kila kitu.

Kanuni ambayo pigo lile lingeivunja

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, World Archery, lililoanzishwa mwaka 1931 likiitwa FITA, lina kanuni inayomkataza mchezaji, anapovuta uzi, kutumia mtindo wowote ambao kwa maoni ya waamuzi ungeufanya mshale, iwapo utaachiwa kwa bahati mbaya, uruke kupita eneo la usalama au vizuizi vilivyowekwa, iwe ni eneo tupu nyuma ya shabaha, wavu au ukuta. Kanuni hiyo hailengi mshale uliopigwa kwa makusudi. Inalenga sekunde zile mbili tatu za kuvuta, ambapo kidole kinaweza kuteleza kabla lengo halijapatikana.

Wachezaji wengi, hasa wanaotumia upinde mzito kuliko nguvu zao, huanza kuvuta wakiwa wameuelekeza upinde angani kisha huushusha taratibu hadi kwenye shabaha. Kwa macho unaonekana mtindo mzuri wa kujiamini. Uzi ukiponyoka katika nusu ya kwanza ya mwendo huo, mshale unakwenda juu ya shabaha, juu ya tuta, juu ya wavu, hadi mahali ambapo hakuna aliyepakagua. Dawa yake hupatikana mapema kwa kumpa mwanafunzi upinde anaoweza kuuvuta ukiwa umeelekea shabaha moja kwa moja, na kama hawezi, upinde huo bado si wake. Najua kuwa vijana huona aibu kupewa upinde mwepesi. Mkufunzi hana budi kuistahimili aibu hiyo pamoja nao na asirudi nyuma.

Pigo la Barcelona kwa asili yake lilikuwa la kuelekeza mshale juu ya kila kizuizi. Lilikubalika tu kwa sababu eneo la kuangukia lilifikiriwa kwanza. Kijana anayeuona ule mkanda na kwenda kuuiga nyuma ya nyumba anaiga sehemu iliyo hatari ya tukio huku akiiacha sehemu iliyolifanya liwe salama.

Kisa hiki katika uwanja wa kawaida wa mazoezi

Mchezo wa upinde wa kisasa bado ni mdogo katika nchi zetu, ingawa haukosi wawakilishi. Mkenya Shehzana Anwar alishindana katika michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Kwa kuwa viwanja maalumu ni vichache, mazoezi mengi hufanyika mahali palipojengwa kwa kazi nyingine, na kiwanja cha mpira cha shule ndicho chaguo la kwanza. Kiwanja cha mpira kina sifa moja nzuri, nayo ni uwazi unaomwezesha msimamizi kuona kila mtu. Kina pia kasoro moja kubwa: nyuma ya goli mara nyingi hupita njia ya miguu, na watu wa mtaa wameizoea njia hiyo kwa miaka.

Swali la Barcelona linapaswa kuulizwa hapo: mshale ukipita juu ya shabaha, utaangukia wapi? Wanaoanza huamini kwamba shabaha ikisogezwa karibu hatari hupungua. Ukweli ni kwamba upinde haupungukiwi nguvu kwa sababu shabaha iko mita 20 badala ya 70. Mshale unaokosa shabaha ya karibu umebakiwa na mwendo mwingi zaidi, kwa hiyo ardhi tupu inayohitajika nyuma ya shabaha ya karibu ni ndefu kuliko ile ya shabaha ya mbali. Ardhi hiyo inaweza kufupishwa kwa tuta la udongo lililo refu kwenda juu, ukuta usio na dirisha wala mlango, au wavu maalumu ulioning'inizwa bila kukazwa ili unyonye nguvu ya mshale. Ua wa miti hautoshi, hata ukiwa mnene kiasi gani, na kanuni za kimataifa hazikubali ua au uzio unaopenyeka uwe kizuizi. Ua unaficha mtu aliye upande wa pili bila kumkinga, jambo ambalo kwa hakika ni baya kuliko kuwa na uwanda mtupu ambamo angalau angeonekana.

Kama njia haiwezi kufungwa wala kuwekewa mlinzi, shabaha zigeuzwe upande mwingine wa kiwanja, na kama pande zote zina njia, mazoezi ya siku hiyo yafanywe kwa uzi wa mpira wa kujinyoosha bila mshale. Somo la mkao, pumzi na mkono linaendelea vizuri kabisa kwa njia hiyo.

Utaratibu wa amri nao uwe mmoja na usibadilike. Ule wa kimataifa hutumia filimbi: milio miwili huwaita wapigaji kwenye mstari, mmoja huwaruhusu kupiga, mitatu huwaruhusu kwenda kuchukua mishale, na mitano au zaidi humaanisha kusimama mara moja, mshale uondolewe kwenye uzi na kurudishwa podoni. Uzuri wa filimbi ni kwamba haibishaniwi na haichanganyiki na maongezi. Hata hivyo, mtu yeyote aliyemwona mbuzi, mtoto au mpita njia akiingia eneo la mbele anapaswa kuwa na haki ya kupaza sauti kusimamisha mazoezi bila kungoja msimamizi, na asilaumiwe hata ikibainika kwamba aliona vibaya. Kikundi kinachomcheka mtu aliyesimamisha mazoezi bure kinawafundisha wengine wanyamaze siku ambayo sauti yao itahitajika.

Eneo letu lina urithi wake katika jambo hili. Wawaata na Wakamba, ambao waliwinda kwa mishale yenye sumu itokanayo na miti, walikuwa wakizungushia ncha iliyopakwa sumu ukanda mwembamba wa ngozi hadi wakati wa kuitumia. Ukanda ule uliilinda sumu isikauke, na ulimlinda pia mwindaji mwenyewe na mwenzake aliyetembea nyuma yake. Watu wale waliishi na mishale kila siku, na hawakudhani kwamba mazoea yamewaondolea haja ya tahadhari.

Yaliyo karibu na mwili

Kisa cha Barcelona kinatufundisha kuhusu mshale ulio mbali na mpigaji, wala hakigusi hatari zilizo karibu na mikono na macho yake, ambazo katika mazoezi ya kila wiki ndizo zinazojitokeza mara nyingi. Ningekuwa sikutenda haki kama ningeziacha.

Upinde haupaswi kuvutwa na kuachiwa pasipo mshale. Nguvu iliyokusanywa katika mikono ya upinde hupaswa kuchukuliwa na mshale. Usipokuwapo, nguvu hiyo hurudi kwenye upinde wenyewe, ambao unaweza kupasuka au kukata uzi mbele ya uso wa aliyeushika. Mshale wa kaboni nao ukaguliwe kila unapotolewa kwenye shabaha, hasa ukiwa umegongana na mwingine: ushikwe ncha zote mbili, ukunjwe kidogo mbali na uso huku ukizungushwa, na sikio lisikilize mlio wa kupasuka. Mshale wenye ufa huweza kuvunjika wakati wa kuachiwa na kuchoma mkono ulioshika upinde kwa vipande vyembamba ambavyo ni kazi ngumu kuviondoa. Mshale mfupi kuliko mvuto wa mtu, yaani urefu anaouvuta uzi, una hatari inayofanana, kwa kuwa ncha yake hurudi nyuma ya kishikizo na inaweza kuelekea kwenye kiganja. Ndiyo maana mishale haiazimwi ovyo kati ya mtoto na mtu mzima.

Wakati wa kung'oa mishale, anayeng'oa asimame kando ya shabaha, aweke kiganja kimoja bapa kwenye shabaha na ahakikishe hakuna mtu nyuma ya mkono wake, kwa kuwa mkia wa mshale unaochomoka ghafla hufika usawa wa macho ya mtoto. Kwenda kwenye shabaha ni kwa kutembea. Aliyejikwaa karibu na shabaha iliyojaa mishale hana mahali pazuri pa kuangukia. Nguo pana za mikono, mtandio unaoning'inia, mikufu na nywele ndefu vifungwe kabla ya kupachika mshale. Kwa wasichana wanaovaa hijabu, pindo likifungiwa ndani ya vazi la juu au chini ya kinga ya kifua uzi haulipati, na hakuna sababu ya kumwambia mtu achague kati ya vazi lake na mchezo.

Kwa wanaotaka kuiga sherehe

Ombi la mshale wa moto huja kwa vikundi kila penye tamasha, mahafali au ufunguzi wa michezo ya shule, na huja kutoka kwa watu wenye nia njema walioiona picha ya Barcelona. Anayepokea ombi hilo aanze na ardhi iliyo nyuma ya shabaha. Aende kuiona kwa miguu mchana na usiku, ajue nani huipita saa ya sherehe, apime upepo wa saa hiyo, na apate kwa maandishi jina la mtu atakayeilinda. Aulize kama moto utakaowashwa unaweza kuwaka hata mshale usipoufikia, ili mpigaji asibebe mzigo wa kuupiga mahali padogo. Mpigaji apewe ruhusa, iliyotangazwa kwa waandaaji wote kabla, ya kushusha upinde na kukataa kupiga bila kutoa sababu. Mshale wa majaribio uwe uleule wa sherehe, wenye uzito uleule, na majaribio yafanywe mahali hapohapo, watu wakiwa hawapo.

Endapo hata sharti moja kati ya hayo halipatikani, kikundi kijibu kwamba hakitapiga, na kiwapendekezee waandaaji wamteue mmoja wa wanafunzi aupandishe mwenge kwa ngazi na kuliwasha karai kwa mkono wake.